Chini ya Mkuku: Boti za Umeme na Viumbe wa Majini

Mheshimiwa mwenyekiti, manahodha, wavuvi, wataalamu wa bahari na maziwa, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie faida za boti za umeme kwa mazingira. Mada hii watu hupenda kuianzia angani: moshi, hewa ukaa, joto la dunia. Mimi nitaanzia chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, maana huko ndiko faida iliko kubwa, na ndiko inakoonekana mapema. Vyombo vyote vya majini duniani hutoa takriban asilimia 3 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya meli za mizigo zinazovuka bahari kuu. Boti ndogo ya abiria au ya uvuvi ukiibadilisha injini leo, joto la dunia halitatikisika. Lakini boti hiyo haipiti bahari kuu. Inapita kwenye kina kifupi, pembeni mwa mikoko, juu ya nyasi bahari, kando ya matete, kwenye midomo ya mito. Inapita, kwa neno moja, juu ya mazalia ya samaki. Anayetaka kujua madhara ya chombo asiulize ukubwa wake tu. Aulize pia kinapita wapi.

Tuanze na mafuta. Wengi wenu mnazijua injini za nje za mipigo miwili, zile za kuchanganya petroli na oili, mara nyingi sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Zimependwa kwa haki: ni nyepesi, zina nguvu, na fundi anaweza kuifungua na kuifunga pale pale kwenye boti. Kasoro yake imo ndani ya silinda yenyewe. Pistoni inaposhuka, tundu la kutolea moshi na tundu la kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa wakati mmoja, na mchanganyiko mpya ndio unaousukuma moshi nje. Sehemu ya mchanganyiko huo hutoroka na moshi kabla haujawaka. Katika injini za aina hiyo zenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, robo ya mafuta, na wakati mwingine zaidi, hutoka bila kuungua. Mwenye boti akitia lita 20 kwenye tangi, lita 5 huenda amezinunua ili azimwage tu.

Na anazimwaga majini hasa. Ekzosi ya injini ya nje hutokea chini ya maji, aghalabu katikati ya kitovu cha rafadha, zile panga zinazoisukuma boti. Washa injini ya namna hiyo alfajiri maji yakiwa yametulia, kisha uinamie tezi, yaani nyuma ya boti, uangalie. Kwanza utaona mapovu yenye moshi wa bluu. Halafu, moshi ukiisha kupeperuka, juu ya maji hubaki doa lenye rangi za upinde wa mvua, na doa hilo halikai. Linatanuka, linavutwa na mkondo, linapita chini ya gati na kuelekea pembeni ambako maji hayana nguvu. Utando wenyewe ni mwembamba sana, hata kuupima ni kazi. Tatizo ni mahali ulipo. Mayai ya samaki wengi huelea, na mabuu ya kaa na kamba hupanda juu kutafuta chakula, kwa hiyo ule uso wa maji ambao sisi tunauona kama mpaka tu, wao ndio malezi yao.

Ndani ya petroli, oili na masizi mna kundi la kemikali ambazo wanakemia huziita hidrokaboni zenye pete nyingi. Ubaya wake ulifahamika vizuri baada ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez kupasuka Alaska mwaka 1989. Watafiti waliofuatilia mayai ya samoni na heringi kwa miaka iliyofuata waligundua kwamba kiasi kidogo mno cha kemikali hizo, kiasi ambacho samaki mzima angekivumilia, kinatosha kuharibu moyo wa kiinitete ungali unajengeka. Samaki huyo anaweza kuanguliwa akiwa hai, akaogelea, lakini moyo wake hauna nguvu, na akikutana na adui hafiki mbali.

Kuna jambo la pili ambalo nafikiri halizungumzwi vya kutosha. Baadhi ya kemikali hizi huwa kali zaidi zikipigwa na jua. Mwanga wa jua huziamsha zikiwa ndani ya mwili wa kiumbe kidogo kinachopenyeka mwanga, na zikaanza kuunguza seli zake. Kwa hiyo maji maangavu ya kina kifupi, yale ambayo watalii huyapiga picha, ndiyo yaliyo katika hatari kubwa zaidi. Hili lilichunguzwa katika Ziwa Tahoe, Marekani, ziwa linalosifika kwa uangavu wake. Mwaka 1999 injini za kabureta za mipigo miwili zilipigwa marufuku huko, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba kemikali za petroli zimeshuka sana ziwani. Hakuna aliyelisafisha ziwa lile. Waliacha kulichafua, likajisafisha.

Haki itendeke: injini mpya za mipigo minne, na zile za mipigo miwili zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ni safi zaidi kwa mbali. Anayezilinganisha boti za umeme na injini kuukuu peke yake anajirahisishia hesabu. Hata hivyo injini mpya nayo inajazwa mafuta, na kila mwenye boti anajua tangi linavyotema likijaa. Inabadilishwa oili. Inavuja kidogo kidogo, na mvujo huo unashuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, unachanganyika na maji ya ngama, kisha pampu inayatupa yote nje bila nahodha kushika kitu. Mota ya umeme haina petroli ya kujaza wala oili ya kubadilisha kila baada ya saa kadhaa za kazi. Zipo zenye gia zinazohitaji mafuta kidogo ndani ya kasha lililofungwa, na hayo ni karibu yote.

Sasa nije kwenye sauti, na hapa nitakaa zaidi.

Majini mwanga hauendi mbali. Hata maji yawe maangavu vipi, ukishuka mita chache tu rangi zinaanza kupotea, na penye tope mtu haoni mkono wake. Sauti ndiyo inayosafiri: mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Viumbe wa majini wameyajenga maisha yao juu ya jambo hilo. Pomboo hutafuta chakula kwa mwangwi. Nyangumi huitana kwa umbali ambao jicho haliwezi kuufikia. Samaki, ambao wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kuwa ni mabubu, hukoroma, hugonga na kunguruma kuitana na kufukuzana, na wana vijiwe ndani ya masikio vinavyohisi maji yanavyotikisika. Mabuu ya samaki wa matumbawe huanguliwa, huchukuliwa na maji hadi bahari ya wazi, na wakati wa kurudi ukifika hufuata mlio wa mwamba: kamba wanaopiga makucha yao, samaki wanaokula, msukosuko mzima wa mahali penye uhai. Mwamba uliofunikwa na ngurumo za injini unakuwa mgumu kuonekana kwa masikio.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha jaribio walilofanya kwenye Great Barrier Reef, Australia. Waliwaweka samaki wadogo pamoja na adui yao wa kila siku, mara kukiwa na sauti za asili, mara boti za injini zikipita karibu. Boti zilipopita, wadogo walishtuka na kuchelewa kukimbia, na adui aliwakamata zaidi ya mara mbili ya kawaida. Boti haikumgusa samaki yeyote, wala haikumwaga chochote cha kuonekana.

Jaribio jingine, la mwaka 2022, lilifanywa pale pale, na mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu lilihusu kizazi kizima. Kuna samaki ambaye wazazi wake hulinda mayai na kuyapepea kwa mapezi ili yapate oksijeni. Kelele zikija, mzazi huacha kupepea. Watafiti walichagua miamba kadhaa, na katika baadhi yake waliwaomba waendesha boti wapunguze mwendo na wakae mbali. Mwisho wa msimu, kwenye miamba yenye utulivu asilimia 65 ya viota bado vilikuwa na watoto. Kwenye miamba yenye msongamano wa boti, asilimia 40. Watoto wa kwenye utulivu walikuwa wengi zaidi na wakubwa zaidi.

Angalieni kilichofanyika hapo: injini hazikubadilishwa. Watu walipunguza mwendo na kusogea. Nalisema hili mbele ya wenye boti za umeme waliomo humu ukumbini, nikijua hawatalifurahia sana, kwa sababu linatupeleka kwenye swali la kelele hiyo inatoka wapi.

Inatoka kwenye vyanzo viwili. Cha kwanza ni injini: milipuko ndani ya silinda, ekzosi, mtetemo unaopita kwenye mbao au faiba na kuingia majini. Umeme unakiondoa karibu chote. Cha pili ni rafadha. Ikizunguka kwa kasi, shinikizo la maji nyuma ya panga zake hushuka mpaka maji yanageuka mvuke bila moto wowote. Viputo vinazuka, na vinapofika penye shinikizo la kawaida vinapasuka kwa kishindo. Ndivyo vishindo hivyo vinavyokula hata chuma cha rafadha, mafundi mmeona vile vishimo. Kwa mwendo mkubwa kelele ya viputo ndiyo inayotawala, na rafadha haijui kama anayeizungusha ni petroli au betri. Boti ya umeme inayokimbizwa mbio bado ni kero kwa samaki. Ikienda polepole, na ikiwa na rafadha pana inayozunguka taratibu, ndipo inapokuwa kimya kweli kweli.

Bahati nzuri, fizikia ya betri inamsukuma nahodha kwenye mwendo huo huo. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri za lithiamu, ukihesabu na kasha lake, inabeba chini ya robo ya kilowati-saa moja. Mota hutumia vizuri karibu yote inayopewa, ilhali injini hupoteza zaidi ya nusu kwa joto, kwa hiyo pengo linapungua, lakini linabaki kubwa. Na kwa boti inayokata maji bila kunyanyuka juu yake, kuongeza mwendo mara mbili kunadai nguvu karibu mara nane. Mwenye betri anajifunza hilo siku ya kwanza, akiona mshale wa chaji unavyoporomoka akisukuma wenzo. Mwenye petroli hulijua pia, ila kwake tangi la akiba lipo.

Ndiyo maana mahali pa umeme, kwa sasa, ni njia fupi zinazojulikana: vivuko, boti za kuonyesha wageni mandhari, boti za kukagua hifadhi, uvuvi wa karibu na pwani, mabwawa ya kufugia samaki. Si jambo geni. Mwaka 1838 mhandisi Moritz Jacobi aliendesha boti ya umeme kwenye mto Neva, St. Petersburg, akiwa na abiria. Kwenye ziwa Königssee, Bavaria, boti za abiria zimekuwa za umeme tangu 1909. Husimuliwa kwamba mtawala wa huko hakutaka wanyama wake wa kuwinda washtuliwe. Sababu haikuwa tukufu, lakini ziwa halikuuliza sababu.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni wa Norwei. Mwaka 2015 kivuko cha Ampere kilianza kazi kati ya Lavik na Oppedal, umbali wa kama kilomita 6, safari ya dakika 20, kikiwa na nafasi ya magari 120. Umeme wa vijiji vile haukuwa na nguvu ya kukichaji kwa dakika 10 kinazokaa gatini. Suluhisho lilikuwa kuweka betri kwenye kila gati, zijazwe polepole kivuko kikiwa safarini, kisha zimimine chaji yake haraka kikifika. Tangu hapo vivuko vya betri vimeenea sana nchini humo, na kuanzia Januari 2026 meli za abiria zilizo chini ya tani 10,000 zinatakiwa ziingie kwenye fiodi, zile ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima, zilizo katika urithi wa dunia bila kutoa moshi. Kubwa zaidi zimepewa mpaka 2032. Amsterdam nayo mwaka 2025 ilianza kuzuia boti za burudani zenye injini za mafuta kwenye mifereji ya katikati ya mji. Nazitaja hizi kwa sababu zote ni maji yaliyofungwa: fiodi, mfereji, ziwa. Kwenye maji yaliyofungwa moshi hauna pa kwenda na kelele inarudi ikigonga kuta.

Kuhusu nyangumi, kuna tukio moja ambalo halikupangwa na mtafiti yeyote. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, meli zilipungua ghafla katika Ghuba ya Fundy, Kanada. Watafiti waliokuwa tayari wakikusanya vinyesi vya nyangumi kwa ajili ya kazi nyingine walikuta kwamba homoni za msongo zimeshuka katika siku zile za utulivu. Ripoti ilitoka mwaka 2012. Kabla ya hapo watu walibishana kama kelele zinawasumbua nyangumi au wamezizoea.

Niseme sasa yale ambayo umeme hauyatatui, maana nimesikia mengi yakiahidiwa. Wimbi la boti linaendelea kubomoa kingo za mto na kung'oa matete hata kama boti ni ya betri. Rafadha inaendelea kukata nyasi bahari kwenye kina kifupi. Rangi ya shaba inayopakwa chini ya chombo kuzuia konokono na mwani inaendelea kutoa sumu yake. Na kuna nguva na kasa: boti tulivu inayokimbia inaweza kumfikia mnyama anayepumua juu ya maji kabla hajajua kuna kitu kinakuja. Kwa maoni yangu, eneo lenye nguva lisipewe boti ya umeme bila kupewa kikomo cha mwendo siku hiyo hiyo.

Betri zenyewe zina yake. Kobalti nyingi duniani huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hali za migodi mingine huko si za kufichwa. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma hazina kobalti wala nikeli. Ni nzito kidogo, lakini hudumu na ni vigumu zaidi kushika moto, na kwa boti ya mwendo wa pole uzito huo si hoja. Moto wa betri ni jambo la kuheshimiwa. Oktoba 2019 kivuko cha Ytterøyningen, Norwei, kilipata moto kwenye chumba cha betri, na siku iliyofuata gesi zilizokusanyika zikalipuka. Chanzo kilihusishwa na mvujo wa kimiminika cha kupoozea. Chumba cha betri kinataka njia ya kutolea gesi, na wazima moto wanataka mafunzo kabla ya chombo kuingia majini. Umeme nao una mahali unapotoka: ukitoka kwenye makaa ya mawe, hewa ukaa imehamishwa tu. Hapo ndipo ninaporudi kwenye hoja yangu. Hata kwa umeme wa makaa, mayai yaliyo chini ya gati yameondolewa petroli na kelele. Faida ya angani inategemea mtambo. Ya majini inaanza siku mota inapowashwa.

Kwa hiyo, kama mna fedha za kubadilisha boti chache tu, msianze na ile kubwa inayopendeza kwenye uzinduzi. Tafuteni ramani ya mazalia, muulizeni mvuvi mkongwe samaki hutaga wapi na miezi gani, kisha mhesabu ni boti gani zinazopita hapo kila siku, na kwa mwendo gani. Zikiwa ni zile kuukuu za mipigo miwili, hizo ndizo za kwanza. Pimeni kelele kwa maikrofoni ya majini kabla ya kubadilisha na baada yake, tena kwa mwendo wa kazi, si kwa mwendo wa maonyesho. Wekeni chaji gatini ambako boti inasubiri abiria tayari, ili nahodha asipoteze safari.

Na injini za zamani zikitolewa, zivunjwe ziwe chuma chakavu. Nimeona mipango ambayo mashine kuukuu huuzwa kwa bei ya kutupa na kupelekwa ziwa jingine, ambako bado zinawashwa kila alfajiri. Katika mkataba wowote mtakaoletewa, tafuteni kifungu kinachosema injini iliyobadilishwa itaishia wapi. Kisipokuwemo, rudisheni mkataba.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nadhani muda wa maswali umefika; ya mafundi tuanze nayo.